Hoki ya barafu inayoanzia kwenye saruji: shajara ya mradi wa watoto, Nairobi

18 Januari 2025: Kwa nini tunaanza bila barafu

Kenya ilipokubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF, mnamo Septemba 2024, watu wengi waliuliza barafu yenyewe inapatikana wapi. Inapatikana katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaotaka kuteleza kwa burudani. Ni hapo timu ya Ice Lions ilipokulia, na ni kutoka hapo wachezaji wake walipopelekwa Kanada mwaka 2018 na kampuni ya kahawa ya Tim Hortons, wakacheza upande mmoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa hoki kutoka Kanada. Uwanja huo ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, ambacho ni urefu wa mita 60 hivi, nao hutumiwa na watu wengi wasiohusika na hoki, kwa hiyo saa zinazobaki kwa wachezaji ni chache na lazima zilipiwe.

Mradi huu unatokana na hesabu hiyo ya saa. Hamu ya watoto haijawahi kuwa tatizo, wala vipaji, kwa kuwa vijana wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu wameonekana katika viwanja na maegesho ya Nairobi kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtoto anaweza kurudia jambo moja mara nyingi bila kuhesabiwa dakika. Ufilipino, nchi ya joto kama yetu, ilishinda medali ya dhahabu ya hoki ya barafu katika Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia mwaka 2017, lakini wao walikuwa na viwanja vya barafu ndani ya maduka makubwa. Namibia, mwanachama wa IIHF tangu 1998, ilichukua njia ya magurudumu. Tunadhani njia ya Namibia ndiyo iliyo karibu na uwezo wetu, mradi tuipange tangu mwanzo ili mtoto atakapofika kwenye barafu asilazimike kujifunza upya kila kitu.

Shule ya msingi moja upande wa Embakasi imeturuhusu kutumia uwanja wake wa mpira wa kikapu kila Jumamosi asubuhi. Ni wa saruji, wenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na una nyufa. Fundi alizijaza kwa saruji na mchanga juujuu, na viraka vyote vikang'oka baada ya mazoezi machache, kwa sababu gurudumu hugonga ukingo wa kiraka kila linapopita. Marekebisho yaliyodumu yalikuwa kuuchimba ufa kwa patasi hadi uwe mpana chini kuliko juu, kuuosha vumbi, kuupaka uji wa saruji tupu, kisha kuujaza ungali na unyevu na kuufunika kwa magunia yaliyolowa kwa wiki moja. Kazi yote, pamoja na ile iliyoharibika, iligharimu shilingi 18,500. Atakayeiga asikubali kuanza mazoezi kabla ya wiki hiyo kwisha, hata watoto wakisimama langoni.

15 Februari 2025: Viatu, magurudumu na vumbi

Tulinunua jozi 24 za viatu vya magurudumu vya mitumba kwa wastani wa shilingi 3,000 kila jozi, jumla shilingi 72,000. Kuvinunua ni kazi nyepesi. Kuvifanya vidumu kwenye saruji mwezi wa Februari ndiko kulikotula muda.

Shida ya kwanza ilikuwa ugumu wa magurudumu. Magurudumu ya hoki ya ndani ya ukumbi huwa laini, yakiwa na kipimo cha 74A hadi 76A, ili yashike sakafu nyororo. Ya nje huwa magumu zaidi, kuanzia 80A kwenda juu. Viatu vya mitumba huja vimechanganyika, na muuzaji hana sababu ya kujua tofauti. Jozi zenye magurudumu laini zilisagika upande wa ndani hadi zikawa na umbo la koni, na mtoto aliyezivaa alianza kuinamisha vifundo vya miguu kwa ndani ili kusawazisha mwili. Tabia hiyo ikishamshika mtoto, kuiondoa ni vigumu kuliko kununua magurudumu. Tulibadilisha 60 kwa shilingi 250 kila moja, yaani shilingi 15,000. Sasa, kabla ya kulipa, tunasoma kipimo kilichochapwa ubavuni mwa gurudumu, na kama kimefutika tunalibonyeza kwa ukucha: likiacha alama ya kina, hatulinunui.

Shida ya pili ilikuwa beringi. Kila kiatu kina magurudumu manne na kila gurudumu lina beringi mbili, hivyo jozi moja ina beringi 16, na vumbi jekundu la msimu wa kiangazi huingia katika zote. Tulianza kwa kuziosha kwa mafuta ya taa na kuzitia mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi. Zilizunguka vizuri sana kwa saa moja, kisha zikakwama vibaya kuliko mwanzo, kwa kuwa mafuta mepesi katika beringi iliyo wazi hukusanya vumbi na kuligeuza kuwa tope la kusagia chuma. Suluhisho lilikuwa kuacha kutafuta kasi. Beringi hizi ni za kipimo cha kawaida cha 608, chenye tundu la milimita 8, kipenyo cha milimita 22 na unene wa milimita 7, na hutumika katika mashine nyingi ndogo, kwa hiyo maduka ya beringi ya Barabara ya Kirinyaga huwa nazo. Tuliomba zenye alama ya 2RS, ambazo zimezibwa kwa mpira pande zote mbili na kujazwa grisi, badala ya zenye alama ya ZZ ambazo kifuniko chake cha bati huacha upenyo. Tulinunua 150 kwa shilingi 80 kila moja, jumla shilingi 12,000. Huzunguka polepole kidogo, na kwa mwanafunzi hilo si hasara.

Jambo la mwisho kuhusu viatu linawahusu wazazi. Wengi waliomba mtoto apewe kiatu kikubwa na soksi mbili ili akitumie miaka miwili. Tumekataa, na tutaendelea kukataa kwa heshima. Kiatu cha kuteleza kinachocheza mguuni hakimruhusu mtoto kuhisi upande wa mguu anaousimamia, na hisia hiyo ndiyo inayotakiwa kuvuka naye hadi kwenye barafu.

Kofia ngumu na vilinda magoti, viwiko na viganja kwa watoto 24 viligharimu shilingi 43,200. Hapa hatukujaribu kupunguza chochote.

29 Machi 2025: Fimbo, mpira na paki

Fimbo za hoki ya barafu haziuzwi madukani hapa kwa bei ambayo mradi wa watoto unaweza kuimudu, kwa hiyo seremala alitutengenezea 30 kwa mbao na plaiwudi, zenye urefu wa kufika kidevuni mtoto akiwa amevaa viatu. Kundi la kwanza lilivunjika mahali pale pale, kwenye kiungo cha mpini na ubapa, kwa sababu gundi ya mbao peke yake haistahimili mgongano unaokuja kwa upande. Fundi wa bodi za magari alitufundisha kukizungushia kiungo kitambaa cha faibaglasi kilicholowekwa resini, tabaka mbili, na tangu hapo kuvunjika kumekuwa jambo la nadra. Kwa gharama zote, kila fimbo imesimama kwenye shilingi 900, jumla shilingi 27,000.

Tatizo lililobaki ni ubapa kuliwa na saruji kutoka chini. Utepe wa kitambaa hauvumilii hata kipindi kimoja. Tunaandika hili likiwa halijatatuliwa.

Kuhusu cha kupiga, tulijaribu kwanza paki halisi, kile kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kwenye saruji hakitelezi; hushika, hujiinua kwa ukingo na kubiringika kuelekea pasipotarajiwa. Paki za magurudumu zenye vifundo vya plastiki chini zilienda vizuri hadi vifundo viliposagika, jambo ambalo halikuchukua muda mrefu. Tumerudi kwenye mpira mgumu wa rangi ya machungwa. Mpira huo unafaa kwa mchezo, lakini una hatari ambayo makocha wengine wanapaswa kuijua: mpira hubiringika ilhali paki huteleza kwa tumbo lake. Mtoto anayezoea mpira hujifunza kuufuatisha kwa ubapa ulio wima, na akipewa paki haukunji mkono ili kuifunika kutoka juu. Kwa hiyo mpira utumike kufundisha nafasi na pasi, si kufundisha mikono.

Magoli mawili ya mabomba yenye kipimo halisi, mita 1.83 kwa mita 1.22, yalichomelewa na fundi wa jua kali kwa shilingi 19,000 pamoja na nyavu. Tulishauriwa tuyapunguze kwa ajili ya watoto, tukakataa, kwa sababu golikipa hujifunza pembe za lango kwa kurudia, na lango dogo lingemfundisha pembe zisizo za kweli. Kinga za golikipa zilishonwa kwa sponji nzito ya godoro na turubai kwa shilingi 8,000. Zinatosha kwa mpira huo peke yake, na ni marufuku kuzitumia dhidi ya paki.

31 Mei 2025: Masika

Mvua zilifuta Jumamosi nyingi. Saruji iliyolowa ni hatari kwa magurudumu, na beringi zikilowa hushika kutu kabla ya wiki kwisha. Tulitumia varanda ya shule kwa mazoezi ya miguu bila viatu vya kuteleza: kushusha mwili kwa kukunja magoti, kusukuma kwa upande, kusimama kwa mguu mmoja. Baadhi ya watoto hawakurudi. Tumeamua kuwa idadi ya mradi huu itahesabiwa kwa watoto wanaorudi baada ya msimu wa mvua, wala si kwa wale waliovaa viatu mara moja na kupigwa picha.

12 Julai 2025: Mabamba ya plastiki

Hii ndiyo hatua ya gharama kubwa kuliko zote, na sababu yake inahitaji kuelezwa. Chuma cha kiatu cha barafu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, zilizotenganishwa na mfereji mwembamba. Mchezaji husimama kwa kuigeuza miguu yote miwili iwe kinyume cha mwendo na kuikwangua barafu kwa kingo hizo. Gurudumu halina ukingo wala halikwangui, kwa hiyo mtoto wa magurudumu husimama kwa kuzunguka au kwa kuburuta mguu wa nyuma. Akipelekwa kwenye barafu na mazoea hayo, atakuwa na kasi asiyoweza kuizuia. Katika yote ambayo saruji haiwezi kufundisha, kusimama ni la kwanza.

Mabamba ya plastiki nzito ya poliethilini huruhusu kiatu halisi cha barafu kuteleza bila baridi wala mashine. Tulinunua manane, kila moja likiwa na urefu wa mita 2.44, upana wa mita 1.22 na unene wa milimita 10, kwa shilingi 21,000 kila moja, jumla shilingi 168,000. Yakipangwa mawili kwa manne hufanya mraba wa mita 4.88, eneo dogo, ila linatosha kwa mtoto kusukuma mara mbili na kusimama. Fremu ya mbao na skrubu ziligharimu shilingi 14,000. Wachezaji wakubwa walituachia viatu vyao vya zamani vya barafu.

Plastiki husuguana na chuma zaidi kuliko barafu, kwa hiyo mtoto huchoka upesi na lazima asukume kwa ukamilifu. Hilo tunalihesabu kuwa faida. Kunyunyiza silikoni kidogo husaidia, ingawa huvuta vumbi, hivyo mabamba hufagiwa na kupanguswa kila kipindi. Hapa pia ndipo paki halisi hatimaye huteleza inavyopaswa, na mazoezi yote ya mikono yamehamishiwa hapa.

27 Septemba 2025: Mabamba yalivyoinuka

Mabamba yaliwekwa Julai, asubuhi za baridi na mawingu, yakibanana bila nafasi na kuzungushiwa fremu iliyofungwa imara. Jua la Septemba lilipotoka, viungo viliinuka katikati ya asubuhi, na bamba moja likapinda kiasi cha kumwangusha mtoto. Hakuumia, lakini mazoezi ya mabamba yalisimamishwa mara moja.

Chanzo kinaeleweka kwa hesabu. Poliethilini hutanuka kwa takriban milimita 0.15 hadi 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Upande wa mita 4.88 unaopanda nyuzi 30 kutoka ubaridi wa alfajiri ya Julai hadi jua kali la saa sita hutafuta nafasi ya ziada ya milimita 22 hadi 29, na fremu yetu haikuwa imeacha hata moja. Plastiki iliyozuiwa pande zote haina pa kwenda isipokuwa juu.

Jaribio la kwanza la kurekebisha, yaani kuongeza skrubu ili kuyalazimisha yalale, liliharibu zaidi, kwani mashimo yalipasuka pembeni. Lililofaulu ni kinyume chake. Tuliondoa skrubu zote isipokuwa zile za katikati ya mraba, ili mabamba yatanuke kutoka katikati kwenda nje. Tukatoboa mashimo ya pembeni yawe marefu badala ya duara ili skrubu za pembeni zikirudishwa ziweze kusogea ndani yake. Na tukaisogeza fremu nje kwa sentimita 3 kila upande. Vichwa vya skrubu vimezamishwa chini ya uso ili chuma cha kiatu kisivikute. Kisha tulijenga kivuli cha turubai juu ya nguzo kwa shilingi 22,000. Kivuli hicho kingefaa kuwa cha kwanza kununuliwa, kabla ya bamba lolote, na yeyote atakayefuata shajara hii akipange hivyo.

Bamba lililopasuka lilikatwa pembeni na kurudishwa likiwa fupi kidogo, na mabaki yake yakatatua tatizo la Machi. Tulikata vipande vyembamba vya kufunika chini ya ubapa wa fimbo. Tulivibandika kwa resini, vikadondoka siku hiyo hiyo, maana poliethilini haikubali gundi za kawaida. Vilipofungwa kwa ribiti ndogo mbili na vichwa kuzamishwa, vilikaa, na saruji sasa inakula plastiki badala ya mbao.

8 Novemba 2025: Kwenye barafu

Kikundi cha kwanza, watoto kumi na wawili waliodumu tangu kabla ya masika, kilipata kipindi kwenye uwanja wa barafu. Tuliangalia kwa makini nini kilivuka kutoka kwenye saruji na nini hakikuvuka.

Mkao wa magoti ulivuka wote. Kuinua macho kabla ya kupokea pasi kulivuka. Kusimama kulivuka kwa wale waliofanya mazoezi ya mabamba, wengi wao kwa upande mmoja tu, ule wa kulia, na kosa ni la eneo letu dogo ambalo lina mlango upande mmoja, hivyo kila mtoto huingia na kusimama akielekea kule kule. Tumeanza kuwaingiza kwa pande zote mbili. Kisichovuka ni hatua ndefu: mita tano za plastiki hazimfundishi mtoto kuuacha mguu uteleze hadi mwisho wake, na wote walikuwa wakisukuma kwa hatua fupi za haraka kana kwamba ukuta uko mbele yao. Hatua ndefu itabidi ifundishwe kwa magurudumu, kwenye urefu wote wa uwanja wa kikapu, tena bila fimbo mikononi.

Kulikuwa na hitilafu ya vyuma pia. Plastiki hufanya chuma kiwe butu upesi, na kabla ya kipindi hiki jozi mbili zilipelekwa kwa fundi mwenye jiwe la umeme la kunolea visu. Zilirudi zikiwa na doa la samawati ukingoni, dalili kwamba chuma kilipata joto kupita kiasi na kupoteza ugumu wake. Kingo ziliisha kabla ya kipindi kufika nusu. Tangu hapo tunanoa kwa mkono. Kiatu hubanwa kichwa chini, jiwe la kunolea la mviringo lenye mafuta hupitishwa kwa urefu wa mfereji, halafu mabaki ya chuma huondolewa ubavuni kwa jiwe bapa. Ni kazi ya polepole, na watoto wakubwa wawili wameimudu vizuri kuliko sisi.

24 Januari 2026: Hesabu na hatua inayofuata

Vifaa na ujenzi, tangu nyufa hadi kivuli, vimegharimu shilingi 418,700. Ada ya barafu na nauli hazimo, kwa kuwa hutegemea idadi ya watoto na makubaliano ya kila kikundi. Mwenye fedha kidogo anaweza kuyaacha mabamba kwa mwaka wa kwanza na bado awe na mradi kamili wa magurudumu. Asichoweza kuacha ni kofia, viatu vinavyokaa mguuni na beringi zilizozibwa.

Wasichana wamekuwa karibu nusu ya wanaorudi, na hilo halikutokea lenyewe. Kulikuwa na msichana mkubwa aliyefundisha wadogo tangu Februari, na wazazi waliosita walimkabidhi yeye mabinti zao. Vuli iliyopita haikutupotezea watoto wengi kama masika, kwa sababu mabamba chini ya turubai yaliendelea kutumika mvua ikinyesha.

Shule ya pili imeomba kuanza. Uwanja wake ni wa lami, iliyo mbaya kwa magurudumu kuliko saruji lakini isiyo na nyufa, na kabla ya kununua kiatu chochote tutapima magurudumu ya ugumu tofauti juu yake kwa wiki chache. Matokeo yataandikwa hapa mwezi wa Machi, kabla ya mvua.